Kipi kiende tarehe gani: kupanga Majilio parokiani

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Nimechaguliwa hivi karibuni kuwa mwenyekiti wa kamati ya liturujia parokiani kwetu, na Majilio ndiyo kazi ya kwanza iliyo mbele yangu. Mwaka jana mapambo ya Noeli yalitanda kanisani tangu Dominika (Jumapili) ya pili, kwaya ikaanza nyimbo za Mtoto Yesu mapema, shada la mishumaa likanyauka kabla ya wiki ya tatu, na tarehe 24 foleni ya kuungama ikafika nje ya mlango huku padre akiwa mmoja. Paroko ametaka mpango wa maandishi. Nianzie wapi, na kipi kiende tarehe gani?

Jibu: Milele na milele, amina. Hongera kwa kuupokea utume huo, ndugu mwenyekiti. Mambo manne uliyoyataja yana mzizi mmoja: Majilio yamechukuliwa kuwa Noeli iliyoanza mapema. Kanuni za jumla za mwaka wa liturujia, zilizotolewa mwaka 1969, zinaeleza katika namba 39 kwamba kipindi hiki kina sura mbili. Ni maandalizi ya Noeli, tunapokumbuka Mwana wa Mungu alivyokuja mara ya kwanza. Na ni wakati wa kuinua mioyo kumngojea atakapokuja mara ya pili, mwisho wa nyakati. Kisha namba 42 inazitenga siku za tarehe 17 hadi 24 Desemba kuwa ndizo zinazoelekea moja kwa moja kwenye kuzaliwa kwa Bwana. Kwa hiyo unapanga vipindi viwili vilivyoungana, na mpaka wake uko kati ya tarehe 16 na 17. Uchore mstari huo kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya sakristia (chumba cha kuandalia ibada) kabla hujapanga kitu kingine chochote. Mengi utakayoulizwa na kwaya, wapambaji na wazazi yatajibika kwa kuangalia tu tuko upande gani wa mstari.

Sasa tarehe. Dominika ya kwanza ya Majilio ni ile iliyo karibu zaidi na Sikukuu ya Mtume Andrea, 30 Novemba; haitangulii tarehe 27 Novemba wala haipiti 3 Desemba. Kipindi huanza Jumamosi jioni, kwa Masifu ya Jioni ya kwanza ya Dominika hiyo (sala rasmi ya Kanisa ya jioni inayoitangulia), na hukoma kabla ya Masifu ya Jioni ya kwanza ya Noeli, tarehe 24 jioni. Urefu hubadilika kati ya siku 22 na siku 28. Mwaka 2026 tunaanza 29 Novemba na tunapata siku 26. Mwaka 2027 tunaanza 28 Novemba. Mwaka 2028 tunaanza 3 Desemba, na Dominika ya nne inaangukia tarehe 24 yenyewe. Hilo nitalirudia mwishoni kwa sababu ndilo linalowachanganya watu kuliko yote.

Mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Dominika haukuhitaji ukariri. Chukua mwaka unaofuata baada ya Majilio hayo, ugawe kwa tatu. Kisipobaki kitu ni Mwaka C, ikibaki moja ni Mwaka A, zikibaki mbili ni Mwaka B. Majilio ya 2026 yanafungua mwaka wa liturujia wa 2027. 2027 ukigawiwa kwa tatu zinabaki mbili, basi tunaingia Mwaka B. Kosa la kawaida hapa ni dogo lakini linatia aibu: msomaji anafungua kitabu cha masomo pale utepe ulipoachwa Dominika ya Kristo Mfalme, ya mwisho ya mwaka wa liturujia, anasoma somo la mwaka uliokwisha. Mpe mtu mmoja kazi ya kuhamisha tepe zote, za misale (kitabu cha sala za Misa) na za kitabu cha masomo, Jumamosi kabla ya Misa ya jioni. Masomo ya siku za juma katika Majilio ni yale yale kila mwaka, hayafuati mzunguko wa miaka miwili, mwaka wa kwanza na wa pili.

Ukisoma Injili za kipindi cha kwanza utashangaa jinsi zisivyotaja hori wala malaika. Katika Mwaka B Dominika ya kwanza ina Marko 13:33-37: mwenye nyumba amesafiri, ameacha kila mtumishi na kazi yake, na bawabu ameamriwa akeshe. Atarudi lini? Marko anataja zamu nne za usiku: jioni, usiku wa manane, awikapo jogoo, au asubuhi. Hebu kaa na mstari huo kidogo, maana usiku wa mateso unakuja sura inayofuata tu. Jioni Yesu anakaa mezani na wale Kumi na Wawili (14:17). Usiku ule ule wanafunzi wanashindwa kukesha saa moja Gethsemane. Jogoo anawika Petro akiwa amekwisha kumkana. Asubuhi wanamfunga na kumpeleka kwa Pilato (15:1). Aliyeambiwa akeshe akalala, na Bwana akapita. Hapo ndipo Majilio yanapoanzia. Ukanda wa taa za rangi ukiwa unamwekamweka nyuma ya mimbari, neno «kesheni» halina pa kutua.

Dominika ya pili na ya tatu ni za Yohane Mbatizaji, na Injili za siku za juma nazo zinaanza kumzungumzia kuanzia Alhamisi ya wiki ya pili. Somo la kwanza siku nyingi ni Isaya. Basi mafungo, mada za jumuiya na tafakari za vikundi mpaka tarehe 16 zifuate hayo: kukesha, kutengeneza njia, haki kwa maskini, toba. Mtakatifu Bernardo, abate wa karne ya 12, alihubiri juu ya ujio wa tatu, uliofichika, kati ya ule wa kwanza na ule wa mwisho: Kristo anayeingia moyoni mwa mtu sasa. Nawashauri wanaoongoza tafakari waanzie hapo, kwa sababu ndiyo daraja kati ya sura mbili za kipindi hiki, na swali lake ni jepesi kuuliza na zito kujibu: Je, leo akibisha hodi, kazi aliyoniachia iko katika hali gani?

Tarehe 17 mambo yanageuka, na waamini wanapaswa kulisikia badiliko hilo kwa masikio. Padre anaacha Utangulizi wa kwanza wa Majilio (sala ya shukrani inayofungua sala kuu ya Misa) na kutumia ule wa pili, unaotaja manabii, Bikira Maria na Yohane. Injili zinafuata sura ya kwanza ya Mathayo, kisha sura ya kwanza ya Luka kwa mtiririko: ukoo wa Yesu tarehe 17, ndoto ya Yosefu 18, Zakaria hekaluni 19, kupashwa habari Maria 20, Maria kwa Elizabeti 21, utenzi wa Maria 22, kuzaliwa Yohane 23, na utenzi wa Zakaria asubuhi ya 24. Ule ukoo wa tarehe 17 (Mathayo 1:1-17) mara nyingi husomwa kwa haraka kama orodha ya mahudhurio. Mwombe padre au shemasi aupitie kwa sauti siku moja kabla, atue kila mwisho wa vile vizazi kumi na vinne mara tatu, na asiwameze Tamari, Rahabu, Ruthu na yule aliyekuwa mke wa Uria. Wanawake hao wanne wamewekwa pale kwa makusudi: Mungu alipita hata katika njia ambazo ukoo wenye kiburi ungezificha.

Jioni za tarehe 17 hadi 23 zina hazina nyingine, antifona (viitikio vifupi) kubwa za «Ee» katika Masifu ya Jioni, zinazoimbwa pamoja na utenzi wa Bikira Maria: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa mataifa, Ee Emanueli. Herufi za kwanza za majina hayo kwa Kilatini, zikisomwa kutoka ya mwisho kurudi ya kwanza, zinatoa maneno ero cras, yaani «kesho nitakuwapo». Hati ya Vatikano ya mwaka 2001 kuhusu ibada za watu inashauri Masifu ya jioni hizo yaadhimishwe kwa uzito zaidi mahali ambapo watu wamezoea novena (sala za siku tisa) ya Noeli. Kama novena yenu ina watu, msiifute. Iungeni na Masifu: utenzi, zaburi, somo fupi, antifona ya siku na utenzi wa Maria, maombi, Baba Yetu. Dakika 25 zinatosha, na mtu anarudi nyumbani amesali sala ya Kanisa zima.

Kwaya ndiyo itakayokupa kazi kubwa, na naielewa: nyimbo za Noeli ni tamu na zimefanyiwa mazoezi. Mwite mwalimu wa kwaya wiki tatu kabla ya Dominika ya kwanza, usimngojee aanze ndipo umkataze. Mwekee mezani mambo haya. «Utukufu kwa Mungu juu» hauimbwi Dominika za Majilio, ili siku ya Noeli usikike upya kama wimbo wa malaika ulivyosikika mara ya kwanza. «Aleluya» inabaki, wengi huiondoa wakidhani Majilio ni Kwaresima ndogo. Nasadiki (kanuni ya imani) inabaki. Kinanda na ala nyingine zinapigwa kwa kiasi, ndivyo Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma yanavyotaka katika namba 313. Kwa maoni yangu wimbo mmoja wa kuingia urudiwe Dominika zote nne: kufikia ya tatu hata watoto watakuwa wanauimba bila kitabu, nao utakuwa alama ya kipindi. Nyimbo za Bikira Maria na Emanueli ziingie kwa wingi kuanzia tarehe 17. Katika Mwaka B wimbo wa katikati (ule wa baada ya somo la kwanza) wa Dominika ya tatu ni utenzi wa Maria wenyewe kutoka Luka 1, kwa hiyo mwimbaji wa zaburi aanze kuujifunza mapema. Na wakisema wanapoteza muda wa Noeli, wahesabie: kutoka 25 Desemba 2026 hadi Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, 10 Januari 2027, ni siku 17 kamili za Noeli. Parokia nyingi zinaimba Noeli mwezi mzima kabla, kisha tarehe 27 kanisa liko kimya kama msiba umepita. Nyimbo hizo zifanyiwe mazoezi sasa, ziimbwe siku zake.

Mapambo. Namba 305 ya Maelekezo hayo hayo inaruhusu maua kwenye altare wakati wa Majilio kwa kiasi kinachofaa, bila kutangulia furaha kamili ya kuzaliwa Bwana, na yawe kando ya altare kuliko juu yake. Rangi ni zambarau. Samawati si rangi ya Majilio katika Misale ya Roma, hata kama vitambaa vyake vinapatikana kwa wingi. Dominika ya tatu, iitwayo Gaudete kutokana na antifona ya kuingia («Furahini katika Bwana sikuzote», Wafilipi 4:4), inaweza kutumia rangi ya waridi mahali penye desturi hiyo. Kama parokia haina kanzu ya waridi, zambarau inatosha. Siku hiyo maua yaongezwe kidogo na ala zisikike zaidi.

Kuhusu shada la Majilio, nitakwenda taratibu kwa sababu ndipo makosa ya mikono yanapotokea. Asili yake ya sasa ni Hamburg, mwaka 1839, ambapo mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern aliwawekea watoto wa makao yake gurudumu lenye mishumaa mikubwa ya Dominika na midogo ya siku za juma. Likaenea, Wakatoliki wakalipokea, likabaki na mishumaa minne. Ni ishara nzuri lakini si sehemu ya lazima ya liturujia, kwa hiyo lisishindane na altare wala mimbari. Lisiwekwe juu ya altare kamwe. Weka kwenye kinara au meza yake yenyewe, mahali ambapo halimzibi msomaji wala halizuii njia ya maandamano, na angalau hatua moja kutoka kwenye vitambaa na nyaya za kipaza sauti. Kwa kanisa kubwa duara la sentimita 80 hadi 100 linaonekana hadi viti vya nyuma. La nyumbani sentimita 30 hadi 40 zinatosha.

Mishumaa: mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Wa waridi ni wa Dominika ya tatu, si wa nne, na hapa hukosewa sana. Wa kwanza utakuwa mfupi kuliko wote mwishoni, nao usibadilishwe kwa ajili ya usawa, maana ule mteremko wa urefu ndio unaoonyesha kungoja. Tatizo hutokea pale unapokwisha kabla ya Noeli. Fanya hesabu kabla ya kununua: washa mshumaa mmoja wa aina hiyo saa nzima, mahali pasipo upepo, kisha pima umepungua kiasi gani. Tuseme umepungua sentimita moja. Kama Misa za Dominika zinachukua saa 4 kwa jumla, Dominika nne ni saa 16. Mwaka 2026 kuna siku 22 za juma ndani ya Majilio. Zikiwa na Misa ya nusu saa kila moja, ni saa 11. Jumla saa 27, yaani sentimita 27 za nta kwa mshumaa wa kwanza peke yake, na bado unahitaji sentimita 5 zibaki juu ya majani kwa usalama. Mshumaa wa sentimita 25 hautafika. Ama ununue mnene unaoungua polepole, ama shada liwashwe Misa za Dominika tu.

Majani hunyauka kwa sababu yamekatwa mapema na kufungwa kwenye waya mkavu. Yakate siku moja kabla, loweka mashina kwenye maji usiku kucha, funga kwenye sponji iliyolowa iliyo ndani ya sahani pana, na ongeza maji kila baada ya siku mbili. Hata hivyo yabadilishwe Dominika ya tatu bila kuyaonea huruma: majani makavu na moto vinajuana. Kila mshumaa usimame kwenye kikombe cha chuma, si kuchomekwa kwenye majani. Feni ikilipulizia shada upande mmoja, nta itachuruzika na mshumaa utaungua kimshazari. Sogeza shada au zima feni hiyo. Utambi upunguzwe kubaki nusu sentimita kabla ya kila kuwasha. Na awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina anayezima baada ya Misa.

Shada hubarikiwa Dominika ya kwanza. Dominika zinazofuata mishumaa huwashwa tu kabla ya Misa au mwanzoni mwake, bila ibada ya ziada. Parokia nyingi zimejaza hapo shairi, maelezo, wimbo na familia ya kuwasha, mwanzo wa Misa ukawa mrefu kuliko homilia. Majina ya mishumaa kama tumaini, amani, furaha na upendo ni desturi ya watu. Yatumieni nyumbani mkipenda, ila kanisani masomo ya siku ndiyo yanayotoa maana.

Sasa foleni ya kuungama. Hili ni suala la hesabu kabla ya kuwa suala la roho. Waungamaji 300 kwa dakika 5 kila mmoja ni dakika 1,500, yaani saa 25 za padre. Padre mmoja hawezi tarehe 24. Hata siku nzima haimtoshi. Akikaa saa mbili kila jioni anahitaji jioni 13. Mapadre watano wanamaliza kwa jioni mbili za saa mbili na nusu. Kwa hiyo paroko azungumze na maparoko jirani wa dekania (kundi la parokia jirani) mwezi wa Oktoba, wabadilishane siku: Jumanne waje kwenu, Jumatano mwende kwao. Wiki ya pili na mwanzo wa wiki ya tatu ndizo bora, maana zinaendana na Yohane Mbatizaji na watu bado hawajatawanyika kwa safari. Mwaka 2026 ningependekeza Jumatano tarehe 9 na Jumanne tarehe 15 Desemba. Watoto wapewe alasiri yao.

Ibada ya toba ya pamoja yenye maungamo ya mtu mmoja mmoja ina mpangilio wake: wimbo, salamu na sala; Neno la Mungu na homilia fupi; kuchunguza dhamiri kwa kimya cha kweli, dakika tano au zaidi; kuungama kwa pamoja kwa maneno ya «Nakuungamia Mungu», maombi na Baba Yetu; kisha kila mmoja anamwendea padre na kupata ondoleo; mwisho shukrani ya pamoja, sala na baraka. Inapoharibika ni mwishoni: kila aliyeungama anatoka, na shukrani inabaki na watu sita. Tangazeni mwanzoni ibada itaisha saa ngapi, na kwaya iimbe kwa upole kati ya maungamo, jambo ambalo pia linafunika sauti ili siri ya anayeungama isisikike kiti cha pili. Ondoleo la jumla bila maungamo ya mmoja mmoja haliruhusiwi kwa sababu tu watu ni wengi kama inavyotokea sikukuu kubwa. Kanuni ya 961 ya Sheria za Kanisa inalisema hilo wazi. Wala sakramenti hii isiunganishwe na Misa ikawa ibada moja. Padre mwingine kuungamisha pembeni Misa ikiendelea, hilo linaruhusiwa.

Usisahau wasioweza kufika. Orodha ya wagonjwa na wazee iwe mikononi mwa paroko Dominika ya kwanza, ikiwa na jina, mahali anapokaa, na kama anahitaji Kitubio (kuungama) na Mpako wa Wagonjwa au Komunyo tu. Wahudumu wa Komunyo hawawezi kuungamisha, na mgonjwa anayeletewa Komunyo tarehe 24 huku alikuwa akimngoja padre tangu Oktoba ameumizwa.

Mitego ya kalenda ya 2026 ni michache. Jumatatu 30 Novemba, siku moja tu baada ya kuanza, ni Sikukuu ya Mtakatifu Andrea: kanzu nyekundu, na «Utukufu» unaimbwa. Jumanne 8 Desemba ni Sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili: nyeupe, «Utukufu» na Nasadiki, kuhusu amri ya kuhudhuria Misa fuateni kalenda ya jimbo. Mtakatifu Lusia, 13 Desemba, anaangukia Dominika ya tatu, hivyo haadhimishwi mwaka huo. Dominika za Majilio hazipishi sherehe yoyote: 8 Desemba 2024 ilipoangukia Dominika, Sherehe ya Maria ilihamishiwa Jumatatu.

Ndoa hazikatazwi, lakini Misa ya Dominika ya Majilio, pamoja na ile ya Jumamosi jioni, hubaki ya Dominika kwa sala zake, hata wakiwepo maarusi. Nao washauriwe mapambo ya kiasi. Misa ya mazishi hairuhusiwi Dominika za Majilio. Mazishi yanaweza kufanyika bila Misa na Misa ikaadhimishwa siku nyingine. Watu wakiuliza kama nia za marehemu wao zimefutwa kwa sababu hiyo, wajibu hapana: padre anaiombea nia hiyo katika Misa ya siku, ila hatumii sala za Misa ya wafu.

Kwa nyumbani, toeni karatasi moja tu. Iwe na tarehe, Injili ya kila Dominika, na utaratibu wa dakika kumi: kuwasha mshumaa, kusoma Injili, kimya kidogo, kila mmoja ombi moja, Baba Yetu. Karatasi yenye kurasa nane haisomwi. Upande wa nyuma wekeni ratiba ya maungamo na jambo moja la huruma ambalo parokia nzima inafanya pamoja, lenye siku ya kukusanya na mtu wa kupokea. Likusanywe kabla ya tarehe 17 ili liwafikie wahitaji kabla ya sikukuu.

Limebaki tarehe 24. Mwaka 2026 ni Alhamisi. Misa ya asubuhi bado ni ya Majilio, zambarau, na utenzi wa Zakaria. Ikiisha, wapambaji waingie: shada litolewe au liwekwe kando, vitambaa vyeupe vitandikwe, pango lijengwe mahali pa kusali na kupita watoto, si mbele ya altare. Hori libaki tupu mpaka Misa ya kwanza ya Noeli. Mwaka 2028, tarehe 24 ikiwa Dominika, wapambaji watakuwa na saa chache tu kati ya Misa ya mwisho ya mchana na ya Mkesha, basi mafundi wa umeme na vitambaa viwe tayari sakristia tangu Jumamosi. Matangazo ya mwaka huo yaseme waziwazi, wiki mbili mfululizo, kwamba Misa ya Dominika ya nne na Misa ya Noeli ni mbili tofauti, na anayehudhuria ya jioni kwa ajili ya Noeli bado alikuwa na Dominika yake asubuhi au Jumamosi jioni.